Daftari la Baba na Silinda Namba 3

USHAURI

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 36. Baba yetu alifariki mwaka juzi, na pamoja na nyumba alituachia Kombi ya mwaka 1969 aliyoipenda mno. Tuliikuta chini ya mwembe uani, miaka sita haijawashwa. Kaka zangu walisema mzee alikuwa ameichoka. Mimi niliomba niachiwe.

Nilimwita fundi, na kwa siku nne akaiwasha. Alisafisha kabureta, akaweka betri mpya, akarekebisha tapeti kwa sikio mpaka injini ikanyamaza kabisa, haigongi hata kidogo. Mabati ya pembeni mwa injini na mpira wake mrefu aliyatoa, akaniambia ni mambo ya nchi za baridi. Alitoa pia mabomba mawili ya hita, maana huku pwani nani anataka hita? Mjini inakwenda vizuri. Mwezi uliopita nilimpeleka mama kwao Lushoto. Tulipoanza kupanda kutoka Mombo ikapungua nguvu, na kabla ya kufika Soni ikazima. Tulikaa kando ya barabara saa nzima ndipo ikawaka, tukageuza. Fundi sasa anasema niendeshe mlango wa injini ukiwa wazi, nimeuegemeza kwa kijiti, au niweke injini ya Toyota. Kaka zangu wanasema niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pia viti vya nyuma vinanuka petroli kidogo.

Kwenye dashibodi nimekuta daftari la baba. Mistari ya mwisho nainakili kama ilivyo:

Machi. V 0.15 zote. P 0.4. O 2.5.
Juni. V. S3 ekz 0.10. Nimerudisha.
Septemba. S3 ekz 0.05. Nimerudisha.
Novemba. S3 ekz hakuna. Basi.

Baada ya hapo kurasa ni tupu. Je, mtu kama mimi anaweza kujifunza kulitunza gari hili nyumbani, au ninajidanganya?

Mwalimu, Tanga

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na ahsante kwa kunakili ile mistari minne. Bila hiyo ningekujibu kwa kubahatisha.

Usiiwashe Kombi tena, hata kwa kuisogeza kivulini, mpaka mambo mawili yawe yamekwisha. La kwanza ni hiyo harufu. La pili limo ndani ya daftari.

Harufu umeitaja mwishoni kama jambo dogo, na ndiyo iliyonitisha kuliko kuchemsha. Kwenye Kombi tenki limekaa huko huko nyuma, jirani na injini. Mipira inayoleta petroli ni myembamba, tundu lake milimita 5, na ile ya asili imevikwa uzi kwa juu. Uzi huo huficha nyufa. Chukua mmoja ukiwa mkononi, ukunje taratibu karibu na sikio. Mpira uliokauka utausikia unaalika kama jani kavu. Badilisha yote siku moja pamoja na klipu zake, na usiache mpira wa shingo ya kujazia mafuta, maana huo ndio mara nyingi unaonukisha viti vya nyuma. Kubadilisha ule unaovuja peke yake hakusaidii, kwa kuwa mingine ni ya rika lake. Kama kuna chujio la petroli lililofungwa juu ya injini, lihamishie chini upande wa gia boksi, mbali na cheche za distributa. Kisha shika kile kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta, ujaribu kukizungusha kwa vidole. Kikizunguka, gari lisitoke nyumbani. Kikichomoka njiani, pampu itakuwa inamwaga petroli juu ya injini ya moto, nawe uko mbele hujui.

Weka kizima moto cha unga karibu na kiti chako. Kule nyuma hakitafikika pale utakapokihitaji. Na jambo hili mfundishe kila anayepanda: kasha la injini hii limetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe mkali, na maji huuchochea moto huo badala ya kuuzima. Wasamaria wakija na ndoo, wazuie, mteremke wote msogee mbali.

Sasa tulifungue daftari.

V ni valvu, na 0.15 ni nafasi, kwa milimita, ambayo lazima iwepo kati ya ncha ya valvu na kile kinachoisukuma, injini ikiwa baridi kabisa. Katika vitabu vya mwanzo vya injini hizi utakuta 0.10, hii 0.15 ilikuja baadaye, na baba yako aliifuata. P ni pointi ndani ya distributa, ambazo hufunguka kwa milimita 0.4. O ni oili, lita mbili na nusu, hiyo ndiyo yote inayoingia humo. Na S3 ekz ni valvu ya ekzosi ya silinda namba 3.

Valvu ya ekzosi hupitisha moshi wenye moto mkali mno. Ikianza kuchoka, shina lake hurefuka, na likirefuka ile nafasi inaliwa. Mfuate baba yako mstari kwa mstari. Machi, sawa. Juni imeliwa theluthi moja, anairudisha. Septemba zimeliwa theluthi mbili, anairudisha. Novemba, ndani ya miezi miwili tu, imeliwa yote. Alikuwa akimpima mgonjwa homa, na homa ilikuwa inapanda kila kipimo. Alijua kinachofuata: kichwa cha valvu hukatika, huangukia juu ya pistoni, na injini inanoki hapo hapo, mara nyingi ukiwa katika mwendo na watu ndani. Akaandika "Basi", akaiegesha chini ya mwembe.

Waambie kaka zako kwamba mzee hakuichoka. Aliiegesha ili isife. Sijui kama alikuwa akingoja pesa, spea au afya. Ninachokiona ni kwamba aliandika sababu yake kwa namba na kuiacha mahali ambapo mtu angeikuta.

Kwa nini namba 3? Ukikaa kama dereva, silinda 1 na 2 ziko kulia kwako, 3 na 4 kushoto. 1 na 3 ndizo zilizo upande wa mbele wa gari. Kwenye injini za umri wa hiyo yako, kipoza oili kimesimamishwa ndani ya kasha la feni, upande wa kushoto, katikati ya njia ya upepo. Upepo unaofika silinda ya 3 unakuwa umeshapita kwenye oili ya moto. Waliounda gari wenyewe walikuja kukihamisha kipoza hicho kwenye injini za mwaka 1971, wakakijengea kibanda chake nje ya njia hiyo. Yako ni ya kabla ya hapo, kwa hiyo silinda ya 3 itabaki kuwa ya kuchungwa kuliko ndugu zake siku zote.

Ndiyo maana sentensi yako kuhusu fundi iliniumiza: akarekebisha tapeti kwa sikio mpaka injini ikanyamaza. Kwenye injini hii ukimya ni hatari. Valvu yenye nafasi hugonga kidogo, tik-tik-tik ya cherehani, nawe uizoee kama unavyozoea saa ya ukutani. Iliyobanwa mpaka ikanyamaza haifungi sawasawa, na valvu isiyofunga haina pa kutulia ili joto lake lihamie kwenye silinda hedi, kwa hiyo inaungua ikiwa imening'inia. Simlaumu fundi wako. Amekulia kwenye magari ambayo mengi hujirekebisha tapeti zenyewe, na mikono yake imezoea hayo.

Na ndiyo maana pia haikufika Soni. Lakini hapo valvu ilisaidiwa na yale yaliyotolewa.

Watu husema injini hii inapozwa na hewa, wakadhani ni upepo wa barabarani. Huku nyuma upepo wa barabarani haufiki. Kuna feni, imefungwa kwenye dainamo, na mkanda mmoja unazungusha vyote viwili. Feni inavuta hewa kutoka kwenye chumba cha injini, ambacho kinapata hewa yake kutoka kwenye zile pua zenye mapezi pembeni, juu, nyuma ya madirisha ya mwisho. Inaisukuma ndani ya kasha, inaipitisha kati ya mapezi ya silinda, kisha hewa hiyo, sasa ikiwa moto, inatokea chini. Mabati aliyoyatoa fundi ndiyo dari inayotenganisha hewa baridi ya juu na ile ya moto iliyoshuka, na mpira ule mrefu unaziba ufa kati ya mabati na bodi. Vikitoka, hewa ile ile ya moto inapanda, feni inaimeza, inairudisha kwenye silinda. Injini inapumua pumzi yake yenyewe.

Kijiti cha kuegemeza mlango kinazidisha jambo hilo hilo, kwa sababu mlango uko nyuma kabisa, palipojaa joto la chini na la ekzosi. Ufunge.

Yale mabomba mawili ya hita nayo yana hesabu yake. Kasha la feni lina matundu mawili ya kuyapelekea hewa. Mabomba yakitolewa na matundu yakaachwa wazi, sehemu ya upepo wa feni inakimbilia hapo kabla haijafika kwenye silinda. Kama hutaki hita, na mimi pia nisingeitaka Tanga, yazibe matundu kwa vifuniko vya bati vilivyobanwa vizuri. Hata vile vipira vinavyovaa kwenye waya za plagi vina kazi ya kuziba tundu pale waya inapopenya bati. Ukikuta kimoja kimepasuka, kinunue.

Kwa hiyo rudi kwa fundi leo, kwa adabu, umwombe kila kipande alichokitoa, hata kilichopinda. Mabati ya mwaka 1969 ukiyapoteza utayatafuta muda mrefu. Yaoshe, yanyooshe kwa nyundo ya mbao, yapake rangi, uyarudishe. Mpira wa asili ukikosekana, mafundi wa bodi wana mpira wa mlango wa unene unaokaribiana. Utakaa kwa muda. Ninachokuomba ni kwamba usinunue kitu chochote cha kuongeza, wala feni ya umeme wala kipoza cha ziada, kabla kilichotolewa hakijarudi.

Liko jingine ambalo huwezi kuliona kwa nje. Gari limekaa miaka sita chini ya mwembe, na kasha la feni ni giza, kavu, lina tundu la kuingilia. Niliwahi kufungua moja kule Muheza, la Kombi iliyolala miaka minne. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha kabureta, koili na plagi kwa sababu ya kuchemsha. Tulipolinyanyua kasha tukaona kwanza kama nywele za kijivu zimetokeza. Nikavuta. Zilikuja nyuzi za katani, zimesokotwa na manyoya na vipande vya karatasi, zimeshindiliwa juu ya silinda ya 3 na ya 4 hadi zikachukua umbo la mapezi, kama tofali linavyochukua umbo la kalibu. Tulijaza ndoo. Panya alikuwa amejenga kwa uangalifu, tabaka juu ya tabaka, na upande ule wa injini ulikuwa haujapata upepo tangu gari liwashwe upya. Chini ya kiota kulikuwa na tope la oili na vumbi lililokauka kwenye kipoza. Lilitoka kwa brashi na mafuta ya taa baada ya kutwa nzima. Kasha la feni lazima lifunguliwe kabla ya jambo lolote, na kwa kuwa injini yako itashushwa, kazi hiyo itafanyika hapo hapo.

Ndiyo, itashushwa. Hapa ninakuambia bila kuzunguka: valvu ya ekzosi ya silinda ya 3 lazima ibadilishwe, na silinda hedi haitoki injini ikiwa ndani. Hata ukipima ukakuta nafasi nzuri, chuma kilichorefuka hakijirudi. Kazi ya hedi si ya kujifunzia peke yako. Tafuta fundi aliyewahi kuifanya kwenye injini hizi, uwe msaidizi wake, ushike tochi na kupanga nati. Mwambie abadilishe valvu za ekzosi zote nne pamoja na gaidi zake, ile mirija inayoongoza mashina, kwa kuwa hizo nyingine zimefanya kazi miaka ile ile. Na nati za hedi zifungwe kwa torki renchi, kwa mpangilio wa kitabu. Akikuambia mkono wake unajua, mshukuru umtafute mwingine.

Ila kupima valvu ni kazi yako, na ndilo jibu la swali lako kama unajidanganya. Anza sasa, kabla injini haijashushwa, ili ujue fundi aliacha nini. Unahitaji fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Unahitaji spana ya 13, bisibisi bapa, spana ya 21 ya kuzungushia, kitambaa safi na mkeka. Jeki huhitaji kwa kazi hii, Kombi iko juu ya kutosha.

Fanya alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha. Toa gia, zuia magurudumu kwa mawe. Fungua kifuniko cha distributa, zungusha injini kwa nati ya puli ya dainamo, mwelekeo wa saa, mpaka rota ielekee kwenye mkwaruzo uliochongwa kwenye ukingo wa distributa, na alama ya puli kubwa ya chini ikaribie mstari ambapo nusu mbili za kasha la injini zinakutana. Hapo silinda ya 1 iko tayari. Kwa kila silinda inayofuata, rudisha puli kubwa ya chini nusu mzunguko kinyume cha saa. Utapata 2, 3, 4 kwa mfululizo. Injini yenyewe huwaka kwa mpangilio wa 1, 4, 3, 2, ndiyo maana ukirudi nyuma zinakuja kwa kuhesabika. Mpangaji wa injini hii alikufikiria.

Ukifika ya 3, ingia chini upande wa kushoto. Kifuniko cha valvu kimeshikwa na waya mmoja mnene. Usukume kwa bisibisi kwenda chini, utaachia kwa kishindo. Weka kopo, oili kidogo itamwagika. Ndani utaona valvu nne zimejipanga. Za pembeni ni za ekzosi, za kati ni za kuingiza. Ile ya mbele kabisa, iliyo karibu zaidi na usukani, ndiyo S3 ekz. Ndiyo aliyokuwa akiiangalia baba yako.

Itingishe kwanza kwa vidole. Silinda ikiwa mahali pake na nafasi ipo, utasikia mchezo mdogo mno, zaidi kwenye kucha kuliko machoni. Kisha ingiza kibamba cha 0.15. Kinatakiwa kuingia na kutoka kikiburuta, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu chepesi. Kikipita bila kugusa, ni pana. Kikigoma, usilazimishe, jaribu 0.10, halafu 0.05. Kisipoingia hata hicho, utakuwa umelisoma neno "hakuna" kwa mkono wako mwenyewe. Ili kurekebisha unalegeza nati ya 13, unageuza skrubu ya kati kwa bisibisi hadi kibamba kiburute, unaishika skrubu isizunguke huku unabana nati, halafu unapima tena. Usiache kupima tena, maana nati inapobana huvuta skrubu pamoja nayo. Mara ya kwanza itakuchukua asubuhi nzima. Mara ya nne, chini ya saa.

Mwalimu anayesahihisha madaftari 45 kwa kalamu nyekundu usiku, na kila moja akalisoma, ana macho na subira ya kazi hii. Sisemi hivyo kukufurahisha. Mafundi wengi wenye nguvu wanashindwa kwa sababu wanaharakisha.

Oili iangalie kila wiki, uibadilishe kila kilomita 5,000. 20W-50 inafaa kwa joto letu. Injini hii haina filta ya oili ya kubadilisha, ina chujio la waya tu chini ya sahani ya mviringo yenye nati sita ndogo. Nati hizo zinahitaji vidole na kubana kidogo, kwani ukizikaza kwa hasira meno yake yanatoka. Pitisha kidole kwenye wavu. Tope jeusi ni kawaida. Chembe zinazometameta zinamaanisha chuma kinalika mahali, nawe usiwashe mpaka ujue ni wapi.

Mkanda wa feni ubonyeze kwa kidole gumba katikati, uzame kama sentimita moja na nusu. Ukiwa umelegea, unafungua puli ya dainamo na kutoa mojawapo ya washa nyembamba zilizo kati ya nusu zake mbili, unaihamishia nje, nusu zinasogeleana na mkanda unakazika. Beba mkanda wa akiba kila safari. Na taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa unaendesha, usifikirie betri. Huenda mkanda umekatika na feni imesimama. Simama palepale, hata kama nyumbani ni kilomita mbili.

Breki sikuruhusu uzifanye peke yako mwanzoni. Miaka sita imetosha kuzivimbisha hozi na kuzigandisha silinda za magurudumu, na mafuta ya breki hunyonya unyevu. Wewe unataka kushuka kutoka Lushoto ukiwa na mama. Zifunguliwe zote nne, zibadilishwe hozi zote. Na siku magurudumu yatakapotolewa, jeki iwekwe juu ya ubao mpana, na magogo yawe chini ya gari kabla mtu hajaingiza hata mkono. Ua wa kwetu Pangani ulikuwa wa mchanga. Mdogo wangu alikuwa chini ya gari la baba, jeki ikaanza kuzama upande mmoja bila kelele yoyote, taratibu, kama mtu anayesinzia. Nilimvuta kwa miguu. Ubavu wa gari ulikaa pale kilipokuwa kifua chake. Nimeshika spana zaidi ya miaka 40 tangu hapo, na kila nikitia jeki naiona ile alama ya mgongo wake mchangani.

Kutu itazame kwa bisibisi, hasa sehemu za kuwekea jeki, chini ya sinia la betri na kwenye mifereji ya paa. Chumvi ya Tanga haina huruma. Hilo likifika, niandikie tena, lina barua yake.

Kuhusu injini ya Toyota: ni injini nzuri. Lakini itataka rejeta mbele, mabomba ya maji kupita chini ya gari zima, vishikio vya kuchomelea, na namba mpya ya injini kwenye kadi. Utalipa yote hayo kukimbia tatizo la valvu moja na mabati yaliyotolewa. Spea za injini hii yako ya 1600 bado zinatengenezwa, kwa sababu Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa kobe iliundwa Mexico mpaka 2003 na Kombi ya injini ya hewa iliundwa Brazili mpaka 2005. Na Volkswagen ndogo hiyo, yenye injini ya ukoo huu huu, ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, kwenye tope na vumbi la kwetu, ikiwa na mabati yake yote.

Ukimaliza, na ukapanda tena kutoka Mombo, usiikokote kwa gia kubwa. Feni inazunguka kwa kadiri injini inavyozunguka, hivyo kwenye gia ya nne mlimani injini inafanya kazi nyingi na kupata upepo kidogo. Teremsha ya tatu, hata ya pili, acha ilie, malori yakupite. Ikizima tena licha ya yote, usikimbilie kusema ni joto la silinda. Koili au kondensa iliyochoka nayo hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Itakapokuwa imezima, kabla haijapoa, mtu mwenye kipimo cha cheche aangalie kama waya ya koili inatoa moto. Ikitoa, tafuta kwenye petroli.

Kwa sasa nenda na mkeka na fila geji. Pima zote nane, usirekebishe chochote mara ya kwanza. Kisha chukua daftari la baba, chini ya pale alipoandika "Basi", weka tarehe, andika V, na namba nane kama ulivyozikuta, S3 ekz iwe ya kwanza. Unitumie nakala.